Fagio la Mama Mkwe na Maji ya Alfajiri

Kifua changu kiliharibikia Kimamba, kwenye chumba cha brashi cha kiwanda cha mkonge. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu watu wakinisikia nakohoa wananiuliza kama navuta sigara. Sijawahi kuvuta hata moja. Mimi nilivuta mkonge.

Aliyefanya kazi ya brashi anajua. Singa zikishakauka juani zinaletwa ndani, unazishika kwa mikono miwili, unaziingiza kwenye ngoma inayozunguka, zinatoka laini, nyeupe, zinang'aa. Kinachobaki ni vumbi. Na vumbi la mkonge halianguki chini kama la barabarani, linaelea. Unalivuta kazini, unarudi nalo kambini kwenye nywele, mkeo anapika ugali na lenyewe limo.

Wenye makosa nawajua. Majina yao siyaandiki hapa, ila kazi zao nitazitaja, na wakisoma watajijua. Wa kwanza ni mkubwa wa kiwanda, aliyeamuru madirisha ya chumba cha brashi yapigiliwe misumari ili upepo usipeperushe singa zake. Wa pili ni mganga wa zahanati ya shamba. Huyo alikuwa na dawa moja ya maji, tamu kama juisi. Mwenye homa anapewa hiyo, mwenye kifua anapewa hiyo hiyo, halafu anakuandikia urudi kazini. Wa tatu, na huyu ndiye mbaya kuliko wote, ni mnyapara wetu. Yalikuja maboksi ya vitambaa vya kuziba pua. Niliyashusha kwenye lori kwa mikono yangu. Sisi hatukupewa. Baada ya muda tukaviona vitambaa vile Kilosa mjini, vimevaliwa na vijana wa mashine za kusaga unga. Tulipomuuliza akasema, "Kwani ninyi pua zenu za kike?"

Watu tulicheka. Mpaka leo sijui tulikuwa tunacheka nini. Wengi waliocheka siku ile wamezikwa, na waliobaki tunahesabika kwa vikohozi.

Baba yangu aliletwa shambani kutoka kusini kukata mkonge, mimi nikazaliwa kambini, nikaishia darasa la nne nikaingia kiwandani. Aliyeniambia kwamba shule haina faida alikuwa mnyapara huyo huyo. Kwa hiyo mtu akiona nimekosea mahali katika maandishi haya, lawama ampelekee yeye.

Nilipoacha kazi tulihamia Mikumi, mimi na mke wangu. Yeye anauza chapati na supu kwa madereva wa malori pale barabara kuu. Tulijenga nyuma kidogo ya mji, kwenye mteremko, nyumba ya vyumba vitatu na uwanja mpana mbele. Mvua zikiwepo ni mahali pazuri. Lakini kiangazi, Mungu wangu! Ardhi inapasuka, miti inabaki vijiti, upepo unashuka kutoka milimani na kuzoa kila kitu. Nyasi za porini zikichomwa, masizi yanaanguka hadi kwenye sufuria. Ikifika Septemba mimi nilikuwa natoka nje kwenda chooni tu. Siku nzima nimejifungia chumbani, tambara lenye maji nimelitandika chini ya mlango. Mtu mzima, mwenye nyumba yake aliyoijenga mwenyewe, haruhusiwi na kifua chake kukaa kwenye uwanja wake.

Halafu akaja mama mkwe.

Alitoka Kidete baada ya mto Mkondoa kula shamba lake, kipande kwa kipande, mpaka maji yakawa yanapita nyuma ya jiko. Mke wangu ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Nilifurahi alipokuja, sisemi uongo. Ni mama mpole, mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka. Lakini alikuja na fagio lake la chelewa, amelifunga juu ya mzigo wa nguo, na kesho yake kabla jogoo hajamaliza kuwika nikalisikia: chwaa, chwaa, chwaa.

Kwa watu wa kwao, uwanja ndio uso wa nyumba. Uwanja ambao haujafagiwa maana yake humo ndani kuna mgonjwa au kuna mvivu. Na mama aliyehamia kwa binti yake anataka ionekane kwamba hali bure. Basi alikuwa anafagia kutoka ukutani hadi barabarani, anaacha mistari mizuri kama nywele zilizochanwa, hakuna jani. Takataka anazikusanya kona ya mwembe mdogo, anazitia kiberiti. Na mimi ndani nimekaa kitandani, mdomo wazi, natafuta pumzi.

Mtu atasema: si umwambie? Atakayesema hivyo hana mkwe. Kwa kina mke wangu, mkwe wa kiume hamkatazi mama mkwe jambo. Hamwangalii usoni. Mnasalimiana mkiwa mbali, "Shikamoo mama," "Marahaba baba," kila mtu anaangalia pembeni, yamekwisha. Nilimwambia mke wangu.

"Mwambie mama apumzike kufagia."

"Nimwambieje?"

"Mwambie vumbi."

Akaacha kukanda unga akaniangalia. "Nimwambie mama yangu kwamba fagio lake linamuua mume wangu? Kesho asubuhi tutamkuta stendi na mzigo wake. Arudi wapi? Mtoni?"

Alisema kweli. Lakini mwaka ule nilipelekwa hospitali nikiwa nimebebwa, na daktari, kijana wa umri wa mwanangu kama ningekuwa naye, alinionyesha picha ya mapafu yangu.

"Baba, haya hayarudi kuwa mapya. Dawa nitakupa, lakini dawa kubwa ni kukaa mbali na vumbi."

"Nikae wapi, daktari? Mikumi, kiangazi?"

Akafikiri. "Basi lilaze hilo vumbi. Ukiendelea hivi, kiangazi kijacho sikuahidi."

Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani. Kiangazi kijacho sikuahidi.

Kuna nyumba moja ya wageni karibu na barabara, mke wangu huwapelekea chapati asubuhi. Siku moja nilimsindikiza. Mbele ya nyumba ile kuna majani mafupi ya kijani, ukoka mtupu, na katikati yake vichwa vya maji vinazunguka, tsk tsk tsk, vinarusha maji duara. Nikakaa kwenye ukingo nikimsubiri. Malori yanapita, jua linaunguza, na mimi napumua. Mke wangu alipotoka alisimama akanitazama muda mrefu.

"Una nini?" akaniuliza.

"Sina kitu. Sikohoi."

Wala hatukujadili zaidi. Bahati nzuri mradi wa maji ulikuwa umeshafika mtaani kwetu, bomba lilikuwa linatoa maji kila usiku na simtanki letu linajaa. Mtunza bustani wa pale alinikubalia kung'oa ukoka wa ukingoni, gunia zima. Kilichobaki ni mabomba na vile vichwa. Vya plastiki vya dukani vinapasuka kwa jua la kwetu. Mtu akaniambia vichwa vya shaba vipo Kimamba, vya kitalu cha zamani cha miche ya mkonge, vinauzwa kama chuma chakavu karibu na reli.

Nilipofika nikamkuta muuzaji amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, amekishikilia kwa tofali. Alikuwa yule yule mnyapara wetu.

Amezeeka. Meno ya mbele hana. Aliniita kwa jina langu la utani la kiwandani, akacheka, akanionyesha mlundo. Vichwa vya shaba vyenyewe, na mabomba, vyote vya shamba. Hata hapo sikushangaa.

"Vya nini hivi?" akaniuliza. "Umekuwa mkulima wa umwagiliaji?"

"Vya kulaza vumbi, kwangu Mikumi."

"Vumbi gani la Mikumi wewe, si kuna lami?"

"Lile ulilonipa," nikamwambia.

Alichezea funguo zake. Kisha kikohozi kikanishika, nikainama nimeshika magoti, na kilipoisha nikamwona amesimama, kofia ameivua, hajui aiweke wapi. Nilipolipa, alirudi kwenye mlundo akachagua vichwa vingine viwili, vizuri kuliko vile vya kwangu, akavitumbukiza kwenye mfuko wangu. Nikavichukua. Sikumsamehe, lakini nikavichukua.

Kazi ya kuchimba mitaro niliifanya mwenyewe. Mtu mwenye mapafu mazima angeimaliza kwa siku. Mimi nilikuwa napiga jembe kidogo, nakaa kwenye ndoo, napiga tena. Jirani yangu, fundi baiskeli, alikuwa anapita na kusimama.

"Jirani, unamzika nani?"

"Nazika bomba."

"Bomba refu hivyo? Nilidhani unajiandalia mwenyewe."

"Nikijiandalia nitakuita uchimbe wewe, una nguvu za bure."

Mama mkwe alikuwa anaangalia akiwa mlangoni kwake. Jioni alifagia udongo wa mitaro akautengeneza matuta mazuri pembeni, kila tuta limenyooka. Nikaona moyo unauma.

Niliweka vichwa vinne, kila kona ya uwanja kimoja, vile viwili vya ziada nikavihifadhi. Nikafungulia maji ya simtanki. Vikatoa mate. Sina neno lingine, vilitema mate vikanyamaza. Nikavifungua, ndani kumejaa mchanga na utomvu wa mkonge uliokauka kama gundi. Nikavichemsha kwenye maji ya ndimu, nikavisugua na mswaki. Bado, kwa sababu tanki lilikuwa chini na shaba ile ni nzito, inataka kusukumwa. Ndipo nikakumbuka pampu yetu ndogo ya umeme, ile tunayopandishia maji ya bomba tankini. Nikaiunganisha upande wa pili, ivute tankini isukume kwenye mabomba, swichi nikaileta jikoni. Bado haikutosha kwa vichwa vinne. Nikaweka koki mbili, viwili vifanye kazi kwanza, viwili baadaye. Nilipowasha, kile cha kwanza kikajitingisha, kikapiga tsk, kikazunguka. Mke wangu alikuwa ameshika bakuli la unga. Alipiga kigelegele peke yake, pale pale jikoni.

Tukaupanda ukoka jioni, mimi na yeye, vipande vifupi vifupi kwa mistari. Uwanja ukaonekana kama kichwa cha mtu anayeanza kuota nywele baada ya kunyolewa. Nikalala na furaha.

Alfajiri nikasikia: chwaa, chwaa, chwaa.

Nilitoka mbio, nikafika nimechelewa. Uwanja mweupe, safi, una mistari. Ukoka wangu wote umelundikwa kona ya mwembe na moshi unatoka. Mama mkwe amesimama na fagio, ameridhika, anaangalia pembeni kwa heshima.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba baba. Upepo wa jana umetuletea takataka nyingi."

Nikarudi ndani. Mke wangu alicheka mpaka akalia, halafu akalia kweli.

"Sema naye basi," nikamwomba.

"Nitasema. Nipe siku mbili nitafute maneno."

Nilirudi kwa mtunza bustani nikapata gunia la pili. Tukapanda tena, na mke wangu akamwambia mama yake kwamba yale si takataka, ni majani ya mkwe wake, anayapenda tu, kama wazungu. Basi mama akawa anafagia kwa uangalifu katikati ya mistari. Vumbi likabaki pale pale.

Maji nayo nilikuwa namwagilia mchana, nikidhani jua kali ndiyo saa ya kiu. Yalikuwa yanakauka kabla hayajazama, na ukoka ukaanza kuwa na rangi ya chai. Mtunza bustani akanicheka. Alisema maji ni alfajiri, jua halijaamka. Alfajiri! Saa ya fagio. Nikawaza, nitawasha mapema kabisa, kabla mama hajatoka.

Siku ile palikuwa na giza bado. Nilisikiliza, sikusikia fagio. Nikaingia jikoni nikabonyeza swichi. Tsk tsk tsk. Halafu yowe.

Mama mkwe alikuwa ameinama katikati ya uwanja, anaokota majani makavu kwa mkono, hajaanza kufagia. Vichwa viwili vya shaba, kimoja mbele yake na kimoja nyuma yake, vilimpata pamoja. Nilipofika mlangoni kilemba kimemwangukia shingoni, kanga imemganda mwilini, maji yanamchuruzika puani. Mimi, mkwe, nimemlowesha mama mkwe, nimemwona kichwa wazi! Kwao kitu kama hicho hakina hata jina.

Nilikimbia kuzima swichi, nikatoka nje nikimbilie barabarani nisimwone, hapo hapo kifua kikafunga. Si kikohozi, kilifunga kabisa. Nikapiga magoti kwenye matope. Nakumbuka nimeshika ukoka kwa vidole nikivuta hewa na hewa haiji. Nakumbuka mke wangu amenikalisha, dawa ya kupuliza mdomoni, na mama yake anauliza kwa sauti kubwa, "Ana nini? Ana nini huyu? Nimemfanya nini?"

Na mke wangu, bila kutafuta maneno yoyote, akapiga kelele. "Ni vumbi, mama! Ni vumbi la fagio! Kila asubuhi yuko hivi!"

Mtaa mzima ulisikia. Fundi baiskeli alisikia.

Siku ile mama hakula nasi. Alikaa chumbani kwake. Mke wangu alichungulia akarudi amekunja uso. "Anakunja nguo," akasema. Mchana nilikwenda mwenyewe kwa wauza nguo, nikachagua kitenge kizito cha bluu, kizuri kuliko chochote nilichowahi kumnunulia mke wangu, na yeye alilisema hilo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, mkwe akikosea heshima anapeleka nguo. Nikakiweka juu ya mkeka mbele ya mlango wake, nikageuza mgongo.

"Mama, nimekosa," nikasema nikiangalia barabara. "Usiondoke. Hapa ni kwako."

Nilisubiri mpaka miguu ikachoka, nikaenda.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nasikiliza lori hili na lori lile, nikijiambia kwamba mnyapara amenifukuzia mama mkwe, kwa sababu nikiufuata mzizi wake, ni yeye. Alfajiri ikaja. Nikangoja chwaa. Haikuja. Nilitamani niisikie, amini usiamini.

Nikafungua mlango taratibu. Mzigo wa nguo haukuwa nje. Mama mkwe alikuwa amechutama uwanjani, amejifunga kile kitenge cha bluu, anachomeka matawi ya miiba kuzunguka ukoka. Kuku wawili wamesimama wanamwangalia. Alinisikia, lakini hakugeuka. Akaongea na kuku.

"Ninyi kuku, mnaparua majani ya watu. Hamna adabu. Mkitaka kuparua nendeni kwa fundi baiskeli." Akachomeka mwiba mwingine. "Na mwambieni mwenye nyumba. Mimi kule kwetu nilikuwa nanyunyiza maji kwanza kwa bakuli, ndiyo nafagia. Kila mwanamke anajua hivyo. Huku nilikuta maji ya ndoo, ya kununua, nikaona haya kuyamwaga chini. Angeniuliza, ningemwambia."

Nilisimama mlangoni nikiangalia mwembe.

"Mwambieni pia," akaendelea, "hicho kidude chake cha kurusha maji awe ananiachia mimi niwashe. Mimi ndiye ninayeamka mapema."

Nikawaambia kuku nimesikia.

Tangu hapo swichi ni yake. Jua halijatoka, anawasha viwili vya mbele, anakaa jikoni na chai, anafunga koki, anafungua viwili vya nyuma. Fagio hakuliacha, na sikutegemea aliache. Amejiachia kipande mbele ya mlango wake, upana wa mikeka mitatu hivi, hataki ukoka uguse pale. Anakilowanisha, anakifagia, anakichora mistari yake. Wageni wakija wanaona kwamba nyumba hii ina mwanamke.

Ukoka ulishika wakati wa mvua ukatambaa kama una haraka. Ulipofika ukingo wa kipande chake, aliukata kwa panga. Vile vichwa viwili vya ziada nimevifunga nyuma ya nyumba, kwa sababu upepo huko nako una mambo yake. Sijamshukuru mnyapara, wala sitamshukuru. Mkubwa wa kiwanda nasikia amejenga mjini, nyumba yenye madirisha makubwa. Mganga sijui aliko. Nikikutana naye nitamwomba dawa yake ile tamu aionje yeye.

Kisha Septemba ikafika, ile ambayo daktari hakuniahidi. Upepo ulishuka milimani kama kawaida yake, milima yenyewe imejificha kwenye moshi. Asubuhi nilichukua kigoda changu nikatoka nje, nikakiweka katikati ya ukoka, nikakaa nimempa mama mkwe mgongo, kama inavyotakiwa. Majani yalikuwa na maji bado, suruali ikalowa. Nyuma yangu nilisikia fagio kwenye kile kipande chake, sauti nzito, ya udongo uliolowa. Nikavuta pumzi. Ikaingia, si yote, sijawa kijana, lakini iliingia ikafika mahali.

Nilikaa pale mpaka jua likapanda. Mke wangu aliniletea chai nje, mara ya kwanza katika kiangazi tangu tujenge nyumba ile.

Fagio likanyamaza.

"Ninyi kuku," mama mkwe akasema, "naona leo mwenye nyumba anazuia njia ya koki. Mwambieni ainue miguu nipite, jua limeshapanda na bado sijafungua vya nyuma."

Nikainua miguu.